Siagi ya karanga asilia, kuichanganya na kuisaga nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Maswali haya yanatoka kwa wanaonunua siagi ya karanga kwetu, kwa majirani wanaosaga wenyewe, na kwa akina mama wa kikundi chetu. Tuko Arusha; pale ambapo Moshi mambo ni tofauti tumesema. Kama una haraka, soma swali la 11 tu. Mengine yanaweza kusubiri, hilo halisubiri.

## Kabla hujahamia siagi asilia

1. Siagi ya karanga asilia ni ipi hasa?

Ni karanga zilizokaangwa, zikasagwa mpaka mafuta yake yenyewe yakatoka na kuzilainisha. Basi. Chumvi kidogo inaruhusiwa, na wengi wetu tunaitia. Picha ya shamba mbele ya kopo haikuambii kitu. Ligeuze usome viungo. Ukikuta karanga na chumvi peke yake, umefika. Ukikuta sukari, mawese au mafuta ya mimea yaliyogandishwa, hiyo ni bidhaa nyingine.

2. Kwani ile ya dukani ina ubaya gani?

Si sumu, tusitishane. Sehemu kubwa yake bado ni karanga. Marekani, kwa mfano, sheria inataka zisipungue asilimia 90. Kinachobaki ni sukari, chumvi, na mafuta ya mimea yaliyotiwa haidrojeni ili yagande kwenye joto la kawaida. Hayo huwa asilimia moja au mbili tu, na kazi yake ni kuyashika mafuta ya karanga yasipande juu. Mbinu hiyo ilianza Marekani miaka ya 1920, na ndiyo iliyowezesha kopo kukaa rafuni miezi mingi bila kujitenga.

Sisi tulihama kwa sababu ya sukari ambayo watoto wanaila kila asubuhi bila mtu kuipima, na kwa sababu karanga iliyokaangwa juzi ina harufu ambayo kopo lililosafiri baharini halina. Kama hayo hayakusumbui, endelea na kopo lako.

3. Nimeionja, naona haina ladha. Watoto ndio wamegoma kabisa.

Mara nyingi mtu anakosa chumvi na sukari alizozoea. Anza na chumvi: nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya siagi, kisha onja tena kesho yake, maana chumvi huchukua muda kuenea. Bado? Changanya nusu kwa nusu na ile ya dukani, na kila kopo jipya punguza ya dukani.

Kwa watoto kuna njia fupi zaidi: paka kwenye mkate au chapati, panga vipande vya ndizi mbivu juu yake. Huku kwetu ndizi hazijawahi kuwa tatizo. Mtoto hataulizia sukari. Wagumu ni watu wazima.

Ikiwa ladha ni ya ubichi, kama maharage ambayo hayajaiva, shida ni moto. Tazama swali la 12.

4. Inanenepesha?

Inategemea mkono wako. Vijiko viwili vya mezani, yaani kama gramu 32, vina kalori 190 hivi, protini gramu 7 na mafuta gramu 16. Asilia na ya dukani hazipishani sana hapo. Mafuta yenyewe mengi ni ya aina isiyoganda, ambayo moyo hauyalalamikii, lakini kalori ni kalori. Anayekula kwa kijiko moja kwa moja kutoka kwenye kopo huku anaangalia taarifa ya habari asije kutuuliza swali hili.

## Mafuta juu, donge chini

5. Nimefungua kopo, mafuta yameelea juu. Imeharibika?

Hapana. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na kwenye siagi asilia hakuna kitu cha kuyashikilia. Chembe za karanga ni nzito kuliko mafuta, kwa hiyo zinazama taratibu. Wasiwasi uwe kinyume chake: siagi inayoitwa asilia ikikaa nje ya friji wiki kadhaa bila kutoa hata tone la mafuta, muulize aliyekuuzia ametia nini.

6. Nimwage hayo mafuta ili nipunguze mafuta mwilini?

Usimwage. Utafurahi siku ya kwanza, halafu ukifika katikati ya kopo utakuta kitu kikavu kisichopakika, na utalazimika kununua mafuta mengine ya kukilainishia. Anayetaka kupunguza mafuta apunguze anachopaka. Ukichota kijiko kimoja cha kukaangia kitunguu hatutakusema.

7. Naichanganyaje bila mafuta kumwagika mezani?

Kwanza, usingoje asubuhi ya haraka. Usiku wa kuamkia siku utakayoifungua, kaza mfuniko, ligeuze kopo kichwa chini na liweke juu ya sahani. Mafuta yatapanda kuelekea kitako cha kopo yakipita katikati ya donge, na nusu ya kazi itakuwa imefanyika ukiwa umelala.

Asubuhi, hasa miezi ya baridi, lisimamishe kopo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Maji ya moto yanayochemka yanaweza kupasua kioo, na hayahitajiki.

Sasa chombo cha kukorogea. Kijiko ndicho kinachochafua meza, kwa sababu upana wake unayasukuma mafuta juu ya mdomo wa kopo. Tumia kisu cha mezani kisicho na makali, au mpini mwembamba wa mwiko. Kiingize pembeni mpaka kiguse chini kabisa, kisha inua donge kulileta juu, polepole, ukizunguka kopo. Kuzungusha juu juu hakusaidii. Unakoroga mafuta peke yake. Dakika tatu za mwanzo utaona hakuna kinachobadilika, halafu ghafla rangi inaanza kuwa moja.

Kopo likiwa limejaa mpaka mdomoni, acha ubishi. Mimina kila kitu kwenye sufuria, koroga kwa mwiko kama mtu anayesonga ugali mdogo, rudisha kwenye kopo. Mwenye mashine ya kupigia keki aweke bawa moja tu, mwendo wa chini kabisa. Bawa mbili kwenye sufuria ndogo zitakupaka mpaka ukutani.

Ukimaliza, weka kwenye friji. Baridi inayafanya mafuta kuwa mazito na siagi haijitengi tena kirahisi, kwa hiyo kazi hii ni ya mara moja kwa kopo.

8. Nilichanganya vizuri lakini chini kumebaki donge gumu kama jiwe.

Kisu hakikufika kwenye kona za kitako, au siagi ilisagwa kwa kukwaruzwa tu. Chembe kubwa huzama haraka na kujishindilia. Kwangua lile donge lote utie kwenye bakuli, weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya karanga au alizeti, uponde mpaka lilegee. Halafu lichanganye na siagi iliyobaki. Usijaribu kulilegeza kwa maji. Sababu iko swali linalofuata.

9. Nilitia maji kidogo ilainike, ikazidi kuwa ngumu. Na asali nayo?

Siagi ya karanga ni chembe kavu zinazoogelea kwenye mafuta. Tone la maji likiingia, chembe hizo zinalinyonya, zinavimba na kushikana, na ndiyo maana inakakamaa badala ya kulainika. Ukiendelea kuongeza maji italegea, lakini hapo umepata mchuzi. Upike leo leo, maana maji yanafungua mlango kwa vijidudu na ukungu.

Asali inafanya hivyohivyo kwa kuwa nayo ina maji. Anayeipenda achanganye kwenye sahani wakati wa kula, asiitie kwenye kopo zima.

## Kusaga mwenyewe

10. Ninunue karanga zipi, na wapi?

Arusha wengi huenda Kilombero au Soko Kuu. Wa upande wa Usa River hungoja gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Moshi ni Mbuyuni. Karanga nyingi hupanda huku kutoka Dodoma na Singida, na Kongwa imo humo humo. Ndiko Waingereza walikofanya ule mradi wao mkubwa wa karanga kuanzia 1947, wakaufunga 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Mkulima mdogo mwenye jembe bado anazivuna.

Mavuno ya kanda ya kati yakishaanza kushuka, kuanzia Mei na Juni, bei inalegea. Kuelekea mwisho wa mwaka inapanda. Nunua kwa kilo, si kwa sado. Sado inapima ujazo, na karanga zilizosinyaa zinajaza ujazo vizuri sana, tusiseme habari ya sado zilizobonyea.

Chukua mbichi, nzima, zisizolainika ukizing'ata. Zilizokaangwa tayari mtaani ni tamu kutafuna, lakini ukishapewa zimekwisha kukaangwa huwezi kujua zilikuwaje. Na zile chenga za bei rahisi ziache kabisa. Zimetoka kwenye machambuo ya mtu mwingine.

11. Sumukuvu ni nini, na nitajuaje kama karanga zangu zinayo?

Ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga ambazo hazikukauka vizuri, zilinyeshewa baada ya kuvunwa, au zilitobolewa na wadudu. Huioni, haina harufu, haina ladha. Kuila kidogo kidogo kwa miaka kunaharibu ini na kunaweza kuleta saratani ya ini. Kuila nyingi kwa mkupuo kunaua. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, na mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyoonekana kuwa chanzo kikuu. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu zisizozidi 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya karanga.

Kukaanga hakuiondoi. Kunapunguza kiasi, lakini sumu hii inastahimili moto kuliko sufuria yako. Kusaga ndiyo kabisa: punje moja mbovu inasambazwa kwenye kopo zima.

Kinachobaki ni macho na vidole. Sumu haionekani lakini punje zinazoibeba mara nyingi zinaonekana, na kuchambua ndiyo hatua inayopunguza hatari kuliko nyingine zote uwezazo kufanya nyumbani. Mwaga karanga kwenye sinia jeupe karibu na dirisha. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizoota, zenye tundu la mdudu, na yoyote yenye unga wa kijani au wa njano. Usionee huruma punje. Ukishakaanga na kutoa ngozi, chambua mara ya pili, kwa sababu sasa punje zimegawanyika na zile zilizokuwa nyeusi kwa ndani zinajionyesha.

Ulizozitoa usimpe kuku wala ng'ombe. Kuku nao wanaumwa, na kwa ng'ombe sumu inapita mpaka kwenye maziwa utakayoyanywa. Zifukie. Kilo moja ikitoa mbovu nyingi, zirudishe zote au kula hasara.

Kuchambua hakuifikishi hatari kwenye sifuri; mwenye jibu kamili ni maabara. Lakini tuseme wazi tunachoamini: siagi asilia iliyosagwa bila kuchambuliwa ni mbaya kuliko ile yenye sukari ya kiwanda kinachopima karanga zake.

12. Nikaange vipi?

Sufuria nzito, moto mdogo, bila mafuta, na mwiko usitulie. Nusu kilo kwenye jiko la mkaa huchukua dakika 15 hadi 20. Oveni ni nyuzi 170 kwa muda huohuo, ukigeuza katikati. Utasikia zinapasuka, ngozi itaanza kuachia, na ukipasua punje utaona ndani ina rangi ya hudhurungi hafifu. Ipua hapo, hata kama unatamani dakika mbili zaidi, kwa sababu zinaendelea kuiva zenyewe. Zimwage kwenye sinia upesi. Zikiungua, uchungu hautoki kwa asali wala kwa dua.

Kukaanga kwa mchanga kama wauzaji wa barabarani kunaivisha sawasawa, ila mchanga ukibaki utausikia kwenye meno. Zikipoa kidogo zisugue ndani ya kitambaa safi, kisha zipete kwa ungo. Ngozi chache zikibaki si neno. Siagi itakuwa na vinukta na uchungu mdogo.

13. Blenda yangu imetoa unga tu. Nimekosea wapi?

Pengine umeacha mapema. Karanga hupitia hatua: kwanza chenga, kisha unga, kisha donge linalojiviringisha kwenye ukuta wa jagi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuongeza maji. Zima, kwangua pembeni, pumzisha mota, washa tena. Mafuta yakitoka, donge linalegea lenyewe na linaanza kuzunguka. Kwa mapumziko yote ni dakika tano hadi kumi.

Saga zikiwa bado na uvuguvugu, kidogo kidogo, jagi lisizidi theluthi. Blenda nyepesi ya juisi inahangaika. Kile kikombe kidogo cha kusagia viungo vikavu kinafanya kazi vizuri zaidi. Ukisikia harufu ya mota, acha kabisa kwa robo saa. Chumvi laini iingie mwishoni.

14. Umeme umekatika, au sina blenda.

Kinu na mchi. Twanga zikiwa za moto, mpaka mafuta yaanze kung'aa. Haitakuwa laini ya kupaka, lakini kwa mboga na uji ni nzuri, na wengine tunaipenda hivyo hata kwenye mkate.

15. Naweza kupeleka kwenye mashine ya kusaga sokoni?

Unaweza, na kwa kilo nyingi ndiyo njia ya busara. Uliza imetoka kusaga nini. Ikiwa ni pilipili au dagaa, utaikuta ladha hiyo nyumbani. Fungu la kwanza linalotoka litupwe. Pitisha mara mbili ili ilainike, na uangalie rangi: sahani za chuma zilizochakaa hukwaruzana na kuacha vumbi la kijivu. Ukiliona, tafuta mashine nyingine. Nenda na chombo chako kikavu chenye mfuniko.

16. Niongeze mafuta gani wakati wa kusaga? Na kilo moja inatoa kiasi gani?

Karanga nzuri haihitaji mafuta. Ukilazimika, kijiko kimoja cha alizeti kwa nusu kilo kinatosha. Kilo moja ya mbichi, ukitoa unyevu, ngozi na ulizozichambua, hubaki gramu 900 hivi au pungufu.

## Kuhifadhi

17. Lazima iwe na friji?

Si lazima Arusha, kwa kopo la kumalizwa ndani ya mwezi mmoja: kabati lenye giza, mfuniko umekazwa, kijiko kikavu. Juni na Julai kabati letu lenyewe ni friji. Moshi iko chini zaidi na Januari hadi Machi joto linakaza. Huko siagi inajitenga haraka na mafuta yanachacha mapema, kwa hiyo friji au kopo dogo dogo. Kwenye friji hukaa miezi mitatu na zaidi. Ikiwa ngumu mno kupaka, itoe nusu saa kabla.

18. Nitajuaje imeharibika?

Inanuka kama rangi ya mafuta ya zamani, na inakwaruza koo. Hayo ni mafuta yaliyochacha. Ukiona ukungu, hata doa moja, tupa kopo zima; usikwangue juu ukala chini.

## Watoto, mzio na mengineyo

19. Mtoto wa miezi sita anaweza kula?

Akishaanza chakula cha kulikiza, ndiyo, ikiwa imeyeyushwa kwenye uji. Nusu kijiko cha chai kwa kuanzia, asubuhi, ili uweze kumwangalia mchana. Usimpe donge kutoka kwenye kijiko, linanata kooni. Karanga nzima zingoje mpaka miaka mitano. Asali isiguse chakula chake kabla hajatimiza mwaka.

Wanaochanganya karanga kwenye unga wa lishe na kuuweka miezi: mafuta yake yanachacha humo na unga unavuta unyevu. Afadhali unga ukae peke yake, siagi iingie kwenye sufuria siku ya kupika. Na kwa mtoto, swali la 11 lisome mara mbili.

20. Mzio wa karanga nao upo huku?

Upo. Vipele, midomo kuvimba, kutapika. Akipumua kwa shida ni hospitali saa hiyo hiyo. Utafiti wa watoto wachanga uliofanywa London na kuchapishwa 2015 ulionyesha kuwa walio katika hatari kubwa wakianzishiwa karanga mapema, mzio unapungua sana. Lakini mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza.

21. Naweza kuitia kwenye mboga?

Ndiyo, mchicha, kisamvu, maboga. Ilegeze kwanza pembeni kwa maji ya uvuguvugu au tui, iingie mwishoni, moto mdogo, koroga isishike chini. Ile ya dukani yenye sukari usiijaribu, labda kama mnapenda mchicha mtamu.

22. Tunapanda Mlima Kilimanjaro. Inafaa kubeba?

Inafaa sana, ni chakula chepesi chenye nguvu nyingi. Ichanganye ukiwa bado Moshi. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600 na usiku wake mafuta ya karanga yanaganda. Huko hakuna kukoroga. Weka kwenye kikopo kidogo cha kukaza, kilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, usiitegemee.

23. Nataka kuanza kuuza. Nianzie wapi?

SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, Arusha au Moshi. Hutoa mafunzo ya usindikaji, na humpa mjasiriamali mdogo barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango, ambako bidhaa hupimwa, sumukuvu ikiwemo. Usiuze kwanza halafu upime baadaye. Chupa ziwe kavu kabisa kabla ya kujazwa. Kwenye lebo weka viungo, uzito na tarehe ya kusaga, kisha uandike KOROGA KABLA YA KULA kwa herufi kubwa. Wengine watairudisha hata hivyo.